Mkaratusi wa Upande wa Kushoto

Mteja akiniletea kitambaa, nakipima mbele ya macho yake. Nikimaliza kushona, nampa na vipande vilivyobaki, hata viwe vya ukubwa wa kidole, asije akanitangaza sokoni kwamba nimemwibia. Yeye naye simwamini, kwa hiyo nguo haiondoki kibarazani kabla hajaivaa nikamwona nayo. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka ya tisini nikiwa na cherehani yangu mjini Migori, na watu walikuwa wakisema fundi yule hadanganyiki. Niliipenda sana sifa hiyo. Lakini kuna kitu kimoja nilichokilinda kwa shuku zangu zote, nikakipoteza kwa mikono yangu mwenyewe, na aliyenionya ndiye niliyemwita mwizi.

Kwetu ni upande wa Homa Bay, kwenye mlima unaotazama ziwa. Huko ndiko alikoishi nyanya yangu, mama mzaa baba, ambaye sote tulimwita dani, kama wanavyoitwa manyanya wote wa Kiluo. Boma lake lilizungushiwa ua wa minyaa, ile mimea yenye utomvu mweupe ambayo ng'ombe hawaisogelei. Ndani mlikuwa na nyumba moja ya udongo na mabati. Ukisimama mlangoni ukatazama nje, upande wako wa kulia ulikuwa na kaburi la babu. Baba yangu naye alilala humo humo bomani, maana alikufa kabla hajatoka kujenga boma lake. Mtoto wa dani aliyebaki ni baba mdogo, aliyekuwa amejenga chini ufukoni, akinunua samaki kwa wavuvi, akiwatia chumvi na kuwaanika, kisha akiwapeleka masoko ya mbali.

Chini ya mlima mashamba yalikuwa yamepimwa, na watu walikuwa na hati zao zimefungwa kwenye mifuko ya plastiki, zimefichwa chini ya magodoro. Mlimani hapakuwa pamepimwa. Tuliambiwa ardhi ya huko juu imeshikwa na baraza la wilaya kwa niaba yetu. Mimi mtu akiniambia ameshika kitu changu kwa niaba yangu, huwa napenda nikione mkononi mwake. Karatasi hatukuwa nayo hata moja. Tulichokuwa nacho ni makaburi.

Basi mwanzoni mwa miaka hiyo likaja gari la kijani na watu wa mradi wa misitu. Nilikuwa nimeenda kumwona dani, na mkutano ulipoitwa kwenye uwanja wa shule nikaenda naye. Tulipewa soda na mkate. Soda yangu sikuinywa mpaka niliposikia wanataka nini. Bwana misitu, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, alisimama akasema mlima umebaki na kipara, chemchemi zinakauka, udongo unateremka kila mvua ikinyesha, na yote hayo yalikuwa kweli. Akasema mradi utapanda miti huko juu na hakuna mtu atakayehamishwa.

Dani aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini alikitumia bila aibu.

"Nani atapanda?"

"Sisi, mama. Sisi tunaleta miche, tunaleta vijana, tunapanda. Nyinyi mnakaa tu."

Uwanja mzima ukanyamaza. Bwana misitu alidhani tumekubali, akatabasamu na kufungua soda yake.

Hakujua alichosema. Kwetu mgeni anayepewa mahali pa kulima huitwa jadak. Atalima mtama, atafuga mbuzi, ataoza hata binti zake hapo hapo. Lakini mambo mawili hayafanyi bila ruhusa ya mwenye ardhi: hapandi mti, wala hazikwi hapo. Mahindi huvunwa yakaisha, ila mti na kaburi hubaki vikimsemea aliyeviweka. Kwa hiyo mtu anapokuja kukwambia atapanda miti kwenye ardhi yako nawe ukae tu, amekwambia kwa lugha tamu kwamba kuanzia leo wewe ndiwe jadak wake.

Baada ya hotuba ikapitishwa karatasi. Walisema ni ya kuandika waliohudhuria. Nikaisoma mbele, nikaigeuza, nikaisoma nyuma. Juu palikuwa pamebaki nafasi tupu, pana ya kutosha kuandikwa neno lolote baadaye. Nikawaambia wazee kwa Kiluo wasitie sahihi wala kidole gumba, na wengi wakanisikia. Baba mdogo alisoma ile karatasi, akachukua kalamu, akatia sahihi.

Wiki chache baadaye tukasikia ameingizwa kwenye kamati ya msitu. Akaonekana na buti jipya la mpira na kofia ya mradi. Mtu aliyekuwa akitembea pekupeku kwenye magamba ya samaki maisha yake yote, leo ana buti. Mimi nilihitaji nini zaidi?

Safari iliyofuata niliwakuta wapimaji kwenye mteremko wa juu ya boma, wanaweka mawe ya mpaka na kuyapaka rangi nyekundu. Nilikuwa na tepu yangu ya kushonea mfukoni, kama kawaida. Nikamfuata aliyeshika tepu ndefu nikamwomba aitandaze chini.

"Ya nini, mama?"

"Nataka kuona kama futi yako ni sawa na futi yangu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwenyewe hakukataa, akaitandaza, nami nikalaza yangu kando yake. Zilikuwa sawa kabisa. Mawe yalikuwa mbali juu, na boma la dani lilikuwa nje ya mpaka wao kwa umbali mzuri. Nikarudi nimenuna, maana kumshuku mtu halafu ukamkuta mkweli kunachosha kuliko kumkuta mwongo.

Ndipo likanijia wazo ambalo hadi leo nikilikumbuka usiku nageukia ukuta. Kama aliyepanda ndiye mwenyewe, kwa nini tusiwatangulie? Kando ya mto Migori palikuwa na mzee mwenye kitalu cha miche, nikanunua kwake mikaratusi, mti usiojua kusubiri, leo mche na kesho nguzo. Nikaipakia juu ya basi kwenye magunia, nikawa nashuka kila kituo kuhakikisha utingo haipunguzi. Hakuna aliyeigusa. Ilifika yote.

Dani alifurahi. Alilipenda wazo lenyewe kwa sababu lilikuwa la kwetu, halikuhitaji kalamu. Akatafuta jembe lake la mpini mfupi na tukapanda siku mbili, kuanzia ua wa nyuma kwenda juu hadi karibu na mawe mekundu, kisha kuzunguka boma, kisha ndani. Yeye alichota maji. Nilipofika upande wa kushoto wa nyumba na kuchimba shimo, akasimama na ndoo kichwani.

"Hapo paache, nyakwara," akasema. Ndivyo alivyoniita, yaani mjukuu wangu.

"Kwa nini?"

"Paache tu."

Nikafikiri anataka mahali pa kuanikia mtama. Nami niliona pengo pale, na pengo ndipo adui huingilia. Alipokwenda kuchota maji mengine nikapanda mche pale pale, nikausindilia udongo kwa kisigino. Aliporudi aliutazama muda mrefu. Mtu mzima wa kwetu haonyeshi kwa kidole mahali atakapolala, wala hamtajii mjukuu wake. Ilikuwa kazi yangu kukumbuka kwamba mume huzikwa upande wa kulia wa nyumba na mke upande wa kushoto. Nilikuwa nimehesabu hatua za wapimaji, nikasahau za nyanya yangu.

Jioni ya siku ya pili baba mdogo akapanda mlima, buti limejaa vumbi. Aliangalia miche, akavua kofia.

"Mngepanda huko juu peke yake," akasema. "Ndani ya boma msipande. Ing'oeni hii."

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Sikutumwa. Nakaa nao kwenye kamati, nasikia wanavyosema. Hawa watu hawahesabu kama sisi."

"Hawa watu wamekupa buti."

Alimsalimia mama yake, akateremka. Nami nilibaki nimeshika jembe, nimejaa ushindi. Kama msaliti hataki tupande, basi kupanda ndiko sawa. Ndivyo nilivyofikiri, na nilijiona nina akili nyingi.

Mikaratusi ilikua kama nilivyotaka. Kufikia mvua ya pili ilinipita kichwa, ya tatu ikapita paa. Kila nilipotoka Migori nilikuwa nikiitazama kutoka mbali barabarani nikisema moyoni, ile ndiyo hati yetu, tena hailiwi na mchwa.

Kisha watu wa mradi wakaja kuchora ramani. Mara hii hawakuwa na mawe wala tepu. Walipita wakiangalia juu, mmoja akinena na mwingine akiandika, na nyuma yao kijana wa kopo la rangi akizungushia kila shina pete ya njano na kuandika namba. Dani alinitumia habari kwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, nikafunga cherehani nikaja. Nilipofika pete zilikuwa zimeshashuka kutoka mlimani, zikafuata mikaratusi yangu mti kwa mti, zikaingia langoni. Bwana misitu alikuwa amesimama uani kwa dani chini ya kivuli nilichokipanda mimi.

"Mama fundi," akasema, akanipa mkono. "Asante sana. Nasikia hii yote ni wewe ulipanda. Wananchi wote wangekuwa kama wewe, tungemaliza kazi."

"Nimepanda kwa sababu ni kwetu. Aliyepanda mti ndiye mwenye ardhi."

"Kwa mila, ndiyo, naelewa. Lakini kwa ramani, penye miti inafuatana namna hii, hiyo ni msitu. Na msitu inakaa pamoja, hatuwezi kukata kipande."

"Mpaka ulikuwa pale juu. Niliupima mwenyewe."

"Ilikuwa pale kwa sababu huku chini hakukuwa na miti."

Aliyasema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimtafuta mwizi usoni mwake nikamkosa. Nilikuwa nimelinda karatasi, nimelinda tepu, nimelinda magunia juu ya basi, na mimi mwenyewe ndiye niliyebeba msitu wao kutoka Migori nikaupanda hadi mlangoni kwa nyanya yangu.

Hasira ya namna hiyo hutafuta mtu. Wangu alikuwa tayari. Mwezi haukuisha baba mdogo akaleta barua kutoka kwa kamati: dani ataruhusiwa kuishi bomani mwake hadi mwisho wa maisha yake, haitajengwa nyumba nyingine, mifugo haitaingia, na hakuna mti wenye namba utakaokatwa. Kuhusu kaburi barua ilikuwa kimya, ila alisema ameuliza, na ameambiwa mazishi yake si shida mradi mti haukatwi.

Nikamuuliza mbele ya dani na mbele ya majirani wawili waliokuwa wameketi hapo, "Na wewe wamekupa nini, baba mdogo? Ulianza kwa buti. Mlima mzima umeuuza kwa nini?"

Mtoto wa kike hasemi na ndugu ya baba yake hivyo. Majirani walitazama chini. Baba mdogo aliinama, akaweka mbele ya mama yake samaki aliowaleta wamefungwa kwa majani, akaenda zake. Tangu siku hiyo tukikutana kwa dani tulisalimiana kama watu wa foleni moja hospitalini.

Ilipita miezi kabla sijauona ule mti wa kushoto kwa macho ya kawaida. Nilikuwa nimelala kwa dani, na asubuhi nikatoka nikamkuta ameinama kwenye shina lake, anamimina maji ya moto kutoka kwenye sufuria. Udongo kuzunguka mizizi ulikuwa na weupe.

"Unafanya nini, dani?"

"Naosha."

"Unaosha mti?"

Alimimina hadi tone la mwisho. "Mkaratusi ukiukata unachipua," akasema. "Na huu hata kuukata siruhusiwi. Lakini mti ni kama mtu, unaweza kuugua. Nani atamkamata mti kwa kuugua?"

Nikachovya kidole kwenye udongo nikaonja. Chumvi. Nikatazama kulia, kwenye kaburi la babu, kisha nikatazama kushoto, kwenye shina lenye pete ya njano, na ndipo nikaelewa alichoniambia siku ile akiwa na ndoo kichwani. Nilimzibia nyanya yangu kaburi lake. Kama angefia pale angezikwa wapi? Chini ufukoni kwa mwanawe, mbali na mumewe, kama mke aliyerudishwa kwao? Na mlimani asibaki mtu wa kwetu aliyezikwa baada ya ramani ile, ili siku moja waseme hapa watu walikuwepo zamani, wakaondoka wenyewe. Nililia pale pale uani. Yeye aliniambia niache kelele, nikalete maji mengine.

Kuanzia hapo kila nilipokwenda nilibeba chumvi kutoka Migori. Nilinunua pakiti moja duka hili na nyingine duka lile, mwenye duka asije akauliza fundi anapika nini. Nilizificha ndani ya vitambaa. Sikumwambia mtu, na zaidi ya wote sikumwambia baba mdogo. Dani alizipokea na kuziweka chini ya kitanda.

Ulikuwa mti mkaidi. Majani ya chini yalikauka, ya juu yakabaki. Halafu ikaja ile mvua ya El Niño iliyobomoa madaraja, ikafua chumvi yote, na mti ukatoa majani mapya ya kung'aa kama umepewa dawa. Dani aliutukana kwa maneno ambayo sikujua kama anayafahamu, kisha akaanza upya.

Askari wa msitu, kijana wa mbali aliyehamishiwa kwetu, alikuwa akipita kila wiki. Siku moja nilikuwepo. Alisimama mbele ya mti, akabandua gome kwa ukucha.

"Shosho, hii mti yako iko na shida gani? Zingine zote ziko sawa."

"Nimezeeka, nao umezeeka," dani akajibu.

"Ni ya juzi tu."

"Hata watoto wa juzi wanakufa."

Kijana alitazama udongo, akanitazama mimi, akatazama kaburi la babu ng'ambo ya mlango. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Nilikosa usingizi siku tatu nikingoja waje, na hawakuja. Aliandika nini sijui, na kwa kuwa sijui, sijawahi kumshukuru.

Mwaka uliofuata mti ulikauka hadi ncha. Upepo wa ziwani ukaanza kuuvunja matawi, hata siku moja shina likaanguka lenyewe upande wa ua, na dani akalipasua kuni. Kisiki alikikalia akichambua mtama. Alipumzika mwisho wa mwaka huo, nyumbani kwake, mchana, baada ya kuomba uji.

Baba mdogo ndiye aliyekwenda kuomba ruhusa ya kuzika. Alirudi na bwana misitu mwenyewe, aliyevua kofia, akazunguka nyumba, akaangalia upande wa kushoto. Palikuwa wazi. Kisiki kilikuwa kimeoza, vijana walikitoa kwa jembe. Akaandika kwenye fomu yake kwamba familia imeruhusiwa kuingia msituni kwa ajili ya mazishi, na kwamba hakuna mti uliokatwa. Nilimsomea baba mdogo kwa sauti. Tuliruhusiwa kuingia kwetu siku mbili.

Wanawake walipokuwa wakitoa vitu ili jeneza lipate nafasi, waliniita nije nione kilichokuwa chini ya kitanda. Pakiti zangu zilikuwepo, karibu zote, zimepangwa vizuri kama zilivyotoka Migori, hazijafunguliwa. Nyuma yake kulikuwa na gunia, limebaki robo. Nikatia mkono ndani. Ilikuwa chumvi ya mawe, nyeusinyeusi, yenye magamba, ile ya kutilia samaki ufukoni.

Nilitoka nayo kiganjani. Baba mdogo alikuwa amesimama kando ya shimo, amevaa lile buti, sasa limepasuka kisigino. Nilimfungulia kiganja. Alikitazama, kisha akatazama kama kuna mtu karibu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba naye ni mtu wa kushuku kama mimi.

"Baba mdogo," nikasema, "na zangu hakuzitumia?"

"Alizipenda," akasema. "Lakini chumvi ya dukani ni ya mboga, mwanangu. Haiui mkaratusi."

Akaniomba nizipeleke jikoni, maana waombolezaji walikuwa wengi. Nikazipeleka, tukawapikia watu.